Maua Mbili

Wiki jana nilikuwa namwogesha mjukuu wangu, na mamake akanipa kopo la poda nimpake mgongoni. Nilipolifungua ile harufu ilinipiga usoni, nikasimama na mtoto mikononi kama mtu aliyesahau alikuwa anaelekea wapi. Binti yangu akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamjibu niko sawa. Lakini sikuwa tena katika bafu lake la Nairobi. Nilikuwa Isiolo, kwenye veranda yetu ya mtaa wa Wabera, jua la alasiri limelala kwenye sakafu ya saruji, na mbele yangu kulikuwa na karata hamsini na mbili zilizopakwa poda ya watoto ili zisishikane kwa jasho na vumbi.

Najua watu wa rika langu wakisikia karata wanawaza vijana waliokaa kwenye mawe nyuma ya stendi, na mzazi anayepita akisonya. Karata zetu hazikuwa hizo. Sisi tulicheza briji. Babu yangu aliletwa Kenya na jeshi la Waingereza pamoja na Wasomali wengine, na miaka yake ya mwisho ya utumishi aliwahudumia maafisa kwenye bwalo lao. Alisimama nyuma ya viti vyao na sinia mkononi, jioni baada ya jioni, akausoma mchezo wao wote bila mtu kumuuliza kama anauelewa. Alipostaafu alimfundisha Baba. Baba alipooa akamfundisha Mama, kwa sababu mchezo huu unataka watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na yeye alitaka mwenza wa hapohapo nyumbani.

Hilo ndilo neno tulilotumia: mwenza. Yule anayekaa ng'ambo ya meza, anayekutazama usoni, ambaye karata zake huzioni lakini lazima uzijue.

Ayeyo, yaani nyanya yangu mzaa baba, hakuupenda mchezo huo hata kidogo. "Karata ni karata," alikuwa akisema, huku akivuta mkeka wake wa kuswalia mbali na veranda kana kwamba uchafu ungeruka ukamfikia. Baba alimwapia kila mara kwamba hatuwekeani dau lolote. Alikuwa na malori mawili ya kusafirisha ng'ombe, mtu wa safari, mwenye sauti ya kuwaita madereva kutoka upande wa pili wa barabara. Lakini akiketi mbele ya karata alikuwa mpole kama mtu aliye msikitini. Mama alikuwa muuguzi hospitalini, mkunga, mwanamke wa maneno machache. Wa tatu alikuwa Mwalimu Kirimi, Mmeru aliyefundisha hesabu sekondari, ambaye kila Jumamosi alifika na kofia yake ya sufi hata kukiwa na joto la kuunguza miguu. Wa nne alikuwa daktari wa mifugo, lakini daktari alihamishwa, na kwa wiki tatu watu watatu walikaa wakitazamana. Wiki ya nne Baba aliniita. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

"Safia, keti hapo mbele ya Mwalimu."

Niliketi, na miguu yangu haikufika sakafuni vizuri.

Nitaeleza mchezo kidogo tu, ili asiyeujua asiachwe nyuma. Kila mtu anapewa karata kumi na tatu. Kabla ya kucheza kunakuwa na mnada, na sisi watu wa Isiolo mnada tunaujua. Baba aliulinganisha na ule wa ng'ombe. Kila mmoja kwa zamu anataja idadi na aina ya karata itakayotawala, anaahidi kwamba yeye na mwenza wake watakula mizunguko mingi kiasi hicho juu ya ile sita ya kwanza, na mwingine anapanda juu yake au anasema pasi. Huruhusiwi kumwambia mwenza wako kitu kingine chochote. Huwezi kukohoa wala kukonyeza. Una yale maneno machache tu, na kwa maneno hayo lazima umwambie mkono wako una nguvu kiasi gani.

Mwalimu alinifundisha kuhesabu. Esi ni pointi nne, kingi tatu, kwini mbili, jeki moja. Ukiwa na kumi na tatu, fungua mnada kwa moja ya aina yoyote. Ukiwa na ishirini na tatu au zaidi, mkono ambao unaweza kuupata mara moja kwa miezi, unasema "maua mbili." Tulisema hivyohivyo, mbili, si mawili, na hata Mwalimu hakuturekebisha.

Maua ni zile karata za majani matatu meusi; aina nyingine ni shupaza, kopa na uru. Lakini jambo lililonifurahisha ni kwamba maua mbili haikuwa na uhusiano wowote na maua. Ungeweza kuisema bila kuwa na ua hata moja. Ilikuwa ishara tu, maana yake: mwenzangu, nina nguvu nyingi sana, usininyamazie. Na hapo ndipo kulikuwa na sheria kubwa kuliko zote za meza yetu. Mwenza wako akisema maua mbili, huwezi kusema pasi. Hata kama mkono wako ni takataka tupu, lazima ujibu. Kama huna kitu, unajibu "uru mbili," maana yake sina kitu lakini nimekusikia, endelea.

Mama ndiye aliyenifundisha yale ambayo Mwalimu hakuyafundisha. Jikoni, huku akikoroga chai ya maziwa, alinipangia karata juu ya meza ya unga.

"Hesabu."

"Ishirini na tatu, Mama. Maua mbili."

"Hapana. Angalia tena. Hii kingi iko peke yake. Mtu akitupa esi, imekufa. Hizi kwini na jeki zimetawanyika kama mbuzi bila mchungaji, moja huku, moja kule. Unaona picha nyingi, unafurahi. Lakini utakula mizunguko mingapi?"

Nilihesabu kwa vidole. "Sita. Labda saba."

Akaniondolea zile, akanipangia nyingine. Safari hii nilipata pointi ishirini na moja tu, lakini shupaza saba zilizofuatana kuanzia esi kushuka. "Na hizi?"

"Tisa," nilisema, nikashangaa.

"Basi huo ndio mkono wenye nguvu. Usijiulize una picha ngapi. Jiulize hivi: mwenzangu akiwa hana kitu, hana kabisa, nitafika peke yangu?"

Nilifikiri alikuwa anazungumza juu ya karata, na nafikiri hata yeye alikuwa anazungumza juu ya karata.

Msimu ule wa ukame Mama alianza kucheza vibaya. Sikujua sababu. Alisahau karata zilizokwisha kutoka, yeye ambaye hakuwahi kusahau. Jumamosi moja alisema pasi, na mkono ulipokwisha tukaona alikuwa na pointi kumi na sita. Baba aliziangalia zile karata, kisha akamwangalia yeye.

"Mama Safia, uko wapi?"

"Niko hapa."

"Pointi kumi na sita na unapasi?"

"Sikuziona."

Mwalimu alikunja karata zake haraka, akaanza kuuliza habari za barabara ya Marsabit. Nami niliona aibu kwa niaba ya Mama, aibu ile ya mtoto anapomwona mzazi wake akikosea mbele ya watu. Kisha Baba naye akaanza kukosa Jumamosi zake. Lori limeharibika, dereva ni mgonjwa, ana shughuli Garba Tulla. Mama alikuwa akitandika blanketi la kijivu la babu juu ya meza, anangoja hadi magharibi, kisha analikunja.

Ni katika wiki hizo niliposikia nisiyopaswa kusikia. Nilikuwa nyuma ya jiko nikioga kwenye karai, na Ayeyo alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati akichambua mchele na Shangazi Fatuma, dada yake Baba.

"Mama Safia ataletewa mwenza," alisema Shangazi. "Kaka ameshaamua."

"Amemwambia?"

"Amwambie nini? Anaogopa. Lakini yule si mjinga, atakuwa ameona."

Nilisikia Ayeyo akirusha mchele kwenye ungo. "Kwa kweli," alisema, "mimi sikuona kosa lake yule mwanamke."

Nilikaa na sabuni machoni. Kwangu neno lile lilikuwa na maana moja tu duniani. Mama ataletewa mwenza mwingine, na Baba atacheza na mtu mwingine, kwa sababu Mama amezidi kukosea. Nilikumbuka zile pointi kumi na sita. Yote yalipangika vizuri kichwani mwangu: safari za Garba Tulla, Jumamosi zilizopotea, huyo mchezaji hodari ambaye Baba alikuwa amemgundua huko. Ayeyo tu ndiye aliyekosea aliposema haoni kosa la Mama. Ayeyo hakujua briji. Mimi kosa nililiona, na niliona pia dawa yake.

Ijumaa, Mama akiwa kazini na Baba amekwenda msikitini, nilijifungia chumbani nikatandaza karata kitandani. Mara ya kwanza nilimpa Mama esi zote nne, kingi zote nne na kwini zote nne. Niliutazama mkono huo nikajua hakuna mtu ambaye angeuamini. Nikauvunja. Nikafikiri kama alivyonifundisha. Nilimpa shupaza sita: esi, kingi, kwini, jeki, tisa na sita. Kopa nilimpa esi, kingi na nne. Uru, esi na kingi. Na maua mawili madogo yasiyo na faida, saba na tatu, ili mkono uonekane wa kawaida. Pointi ishirini na nne. Baba nilimpa karata hafifu, lakini nilimwekea shupaza tatu ili aweze kumuunga mkono. Mimi na Mwalimu tuligawana zilizobaki, na zangu zilikuwa mbaya zaidi. Kisha nikazipanga zote kwa zamu ya kugawa, moja ya Mama, moja ya Mwalimu, moja ya Baba, moja yangu, hadi mwisho. Nilirudia kuhakikisha mara tano. Mikono yangu ilinukia poda hadi jioni.

Jumamosi Baba alikuwepo. Mwalimu alifika, akatundika kofia yake kwenye msumari, akasema, "Habari za hapa?" Mama akaleta chai na mahamri, akaketi kushotoni kwangu. Baba alikuwa kuliani. Upepo ulikuwa mdogo, nikashukuru, kwa sababu siku za upepo tuliweka vijiwe juu ya karata na kila kitu kilivurugika.

"Nianze kugawa mimi," nilisema.

Hakuna aliyekataa. Nilizichanga karata kwa uongo, nikiziinua na kuzirudisha palepale. Kilichobaki ni kukata. Kwa sheria, mtu wa kuliani hukata kabla hujagawa, na kama Baba angekata vibaya ule mkono wote ungemwendea Mwalimu. Nilimsogezea karata. Baba alikuwa akitazama barabarani. Alizigonga kwa kidole, tap, kama alivyofanya siku alizochoka, maana yake nakuamini, gawa.

Niligawa.

Mama alizifungua karata zake polepole kama kawaida yake. Uso wake haukubadilika, lakini kidole gumba chake kilisimama. Alizipanga, akazifunga, akazifungua tena. Mimi niliyegawa ndiye niliyetangulia kusema.

"Pasi," nilisema. Sauti yangu ilitoka nyembamba.

Mama alimwangalia Baba. Hakuziangalia karata tena. Alimwangalia Baba usoni kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya wazi ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi:

"Maua mbili."

"Pasi," alisema Mwalimu, akatabasamu kidogo, kwa sababu hata ukiwa adui wa mkono kama huo unafurahi kuuona.

Tukamngoja Baba. Alikuwa ameshika karata zake chini, karibu na mapaja, na sidhani alikuwa akiziona. Lori lilipita. Adhana ya msikiti mwingine uliochelewa ilianza na kumalizika. Mwalimu alikohoa.

"Pasi," alisema Baba.

Mwanzo nilifikiri sikusikia vizuri.

"Mzee," Mwalimu alisema polepole, "hiyo haipasiwi. Mama amesema maua mbili."

"Nimesikia. Nimesema pasi."

Zamu ilikuwa yangu, na nilielewa kitu ambacho sikuwa nimekipanga: nikisema pasi nami, mnada umefungwa. Mama atabaki na ahadi ya maua, na hana maua, ana mawili tu madogo niliyompa mimi mwenyewe. Atashindwa mbele ya wote akiwa na mkono bora aliowahi kushika. Lakini nikisema chochote, chochote kile, zamu itarudi kwake na ataweza kusema tena. Sikuwa na kitu mkononi. Pointi mbili. Nilifungua mdomo nikasema lile ambalo Baba alipaswa kusema.

"Uru mbili."

Mwalimu alinitazama kana kwamba nimeingiwa na wazimu. Mama aligeuka. Aliniangalia mimi, kisha karata nilizoshika, kisha mimi tena, na macho yake yakajaa kitu ambacho sikuweza kukisoma.

"Safia," alisema, "wewe si mwenza wangu."

Akaanza kulaza karata zake mezani, wazi, moja baada ya nyingine. Shupaza kwanza. Esi, kingi, kwini. Baba aliziangalia na rangi ikamtoka.

"Baba Safia, jina lake nani?"

"Si mbele ya mtoto."

"Mtoto amejibu mahali ambapo wewe umenyamaza. Basi na asikie."

Baba alifuta uso kwa kiganja. Yule mtu wa sauti kubwa alijibu kwa sauti ambayo nililazimika kuinama kuisikia. "Halima."

"Wa Garba Tulla?"

"Wa Garba Tulla."

"Lini?"

"Baada ya Idi."

Basi ilikuwa kweli. Alikuwa na jina, yule mchezaji mpya, na siku ya kuanza ilikuwa imepangwa. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Anajua kuhesabu pointi?" niliuliza.

Nilimgeukia Baba.

"Anajua? Kwa sababu Mama anajua kuliko yeye! Mama alisahau siku moja tu! Angalieni, leo ana ishirini na nne, ishirini na nne, na amesema vizuri, wewe Baba ndiye umekosea! Kwa nini aondolewe yeye?"

Baba alinitazama mdomo wazi. Mwalimu aliinamisha kichwa. Na Mama akacheka. Kilianza kama kicheko cha kawaida, cha mtu aliyesikia mtoto akisema jambo la kuchekesha, kisha kikaendelea, kikapanda, akaweka ncha ya mtandio mdomoni, na mabega yake yakawa yanatikisika namna ambayo haikuwa kicheko tena. Baba alinyoosha mkono kuelekea kwake juu ya meza. Aliufikisha katikati, juu ya zile karata, akauacha hapo.

Mwalimu alichukua kofia yake. "Safia, njoo unifungulie geti," alisema, ingawa geti letu halikuwa na kufuli. Nje nilimuuliza kama Mama analia kwa sababu ya kuondolewa. Aliikunja kofia mikononi mwake, mtu mzima aliyeweza kukuelezea hesabu yoyote ya duniani.

"Uliza shangazi yako," alisema. "Mimi ni mgeni katika jambo hili." Kisha akarudi hatua mbili. "Lakini ile uru mbili yako, mimi nimeielewa. Sawa?"

Hakurudi kucheza kwetu tena, na hakuna aliyemwita.

Shangazi Fatuma alinieleza siku ya pili, kwa sentensi moja, akiendelea kukamua nguo. "Mwenza ni mke mwenza, wewe mtoto. Babako anaoa." Nakumbuka nilikaa kwenye jiwe la kufulia nikiona aibu kubwa sana, na aibu yenyewe ilikuwa ya kutojua neno. Uchungu wa lile neno ulikuja baadaye, kidogo kidogo.

Mama hakupiga kelele. Hakurudi kwao. Ayeyo, ambaye hakuwahi kumsifu kwa lolote, alimfuata jikoni akamwambia kwa Kisomali kwamba nyumba hii ni yake, akitaka asimruhusu mtu kupita mlangoni. Mama alimshukuru. Kisha akaenda kwa wakubwa wake akaomba apelekwe kwenye zahanati ya Biliqo, kazi ambayo wauguzi walikuwa wakiikimbia kwa sababu ya umbali na joto. Alikubaliwa palepale. Baada ya Idi, wiki ileile ya harusi, tulipanda lori la mtu mwingine, Mama, mimi na mdogo wangu Yusuf, tukaelekea kaskazini.

Biliqo ilikuwa vumbi na mikoma na kelele za ngamia wakipelekwa mtoni alfajiri. Wanawake wa Kiborana walifika na watoto wagonjwa migongoni wakisalimu "Nagaa?", yaani amani, na Mama akajifunza kujibu "Nagaa" kabla ya mwezi kwisha. Kulikuwa na wiki alizozalisha wanawake wanne bila daktari, bila gari, bila wa kumuuliza. Nilimwona akitoka chumba cha kujifungulia na mikono imeloa hadi viwikoni, akaketi kwenye ngazi, na usoni mwake mlikuwa na utulivu ambao Wabera haukuwepo.

Jioni moja kwenye ngazi hizo nilimwambia. Nilikuwa nimelibeba kifuani miezi mitatu. Nilidhani mimi ndiye niliyevunja nyumba yetu, kwamba nisingepanga zile karata Baba angenyamaza, harusi ingeahirishwa, kila kitu kingejirekebisha chenyewe. Nilisema yote nikitazama miguu yangu.

"Nilijua," alisema Mama.

"Ulijuaje?"

"Karata zikichanganywa kweli zinalia. Zako zilinyamaza. Na ulisema ishirini na nne kabla sijamaliza kuzilaza."

"Basi kwa nini ulicheza? Ungesema pasi."

Alifikiri. Mama hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Kwa miezi nilikuwa na swali moja tu, na sikuwa na namna ya kumuuliza bila kupiga magoti," alisema. "Dini inamruhusu kuoa, mimi sikatai. Nilitaka kujua kama bado ananisikia. Wewe uliniletea namna ya kuuliza. Hukuvunja kitu, Safia." Akanivuta begani, na tukakaa hivyo hadi Yusuf alipoanza kulilia chakula.

Nimeishi na jibu hilo muda mrefu kuliko alivyoishi Mama mwenyewe. Halima alikuja kuwa mwanamke mwema, tuliyemzoea. Aliishi mtaa wa Bulla Pesa na kumzalia Baba watoto ambao ni ndugu zangu kwelikweli. Mama alirudi mjini baada ya miaka mitatu, kwenye nyumba aliyoipanga kwa jina lake, na Baba alikuwa akija huko kwa zamu yake, akikaribishwa vizuri, akila, akiheshimiwa. Hakuna hata mmoja wao aliyegusa briji tena. Sikuwahi kumchukia Baba, ingawa nilijaribu. Alikuwa mtu aliyeogopa mazungumzo magumu, na wengi wetu tumekuja kuwa hivyo.

Mara ya kwanza alipokuja Biliqo, tulikuwa huko mwezi wa nne. Tulisikia lori lake kabla ya kuliona. Yusuf aliijua injini. Mama alikuwa nje, kwenye mafiga matatu, akipika uji wa mgonjwa mmoja. Baba alishuka, vumbi hadi kwenye nyusi, akaja hadi kwenye ua wa miiba akasimama hapo. Haikuwa nyumba yake, na hakujua aingie vipi. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa ya ngamia aliyonunua njiani.

"Salaam aleikum," alisema.

Mama aliendelea kukoroga. Nilishika mkono wa Yusuf asikimbie. Wanawake wawili waliokuwa wakingoja dawa waliacha kuongea, na nikasikia uji ukichemka, na mbuzi mmoja mbali, na pumzi yangu mwenyewe. Baba hakurudia. Hakuuliza kama amesikika. Alisimama na kibuyu chake, jua likimwangukia usoni, akingoja, na nilimwona kwa mara ya kwanza maishani mwangu akingoja jibu la mtu.

Mama aliutoa mwiko, akaugonga ukingoni mwa sufuria mara mbili, akaulaza juu ya jiwe. Kisha akainua kichwa.

"Waaleikum salaam," alisema. "Vua viatu, kuna miiba. Safia, mpe babako maji ya kunywa."